Jina la Maharusi Limeota Masizi: Mwongozo Kamili wa Kuweka Efekti Bila Kuua Uwazi wa Video

Msimu wa harusi ukichanganya hapa Dodoma, flashi zinazoletwa mezani kwangu huwa na ugonjwa mmoja. Kijana katengeneza jina la maharusi kwa herufi za dhahabu, limetulia. Kaliweka juu ya video, likakaa vizuri. Kisha kaongeza ukungu kidogo ili jina litokeze polepole, au kalipandisha mwanga, na hapo ndipo kazi ikaharibika: boksi jeusi limesimama nyuma ya jina, au kila herufi imezungukwa na weusi kama sufuria iliyopikiwa kuni.

Weusi huo nauita masizi. Dawa yake nimeieleza kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naiandika yote.

Nachukulia kwamba kutengeneza jina na kupanga leya unajua tayari. Mifano nimeiandika kwa FFmpeg, programu ya bure inayofanya kazi kwa amri za kuandika, kwa sababu amri haifichi kitu. Menyu inaweza kukutupia uwazi (ile hali ya sehemu tupu za faili la jina kuacha video ya chini ionekane) chini ya meza na usijue. Wanaotumia After Effects, DaVinci Resolve au Kdenlive nimewawekea sehemu yao mbele, lakini wasiruke hatua za mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

- Faili la jina, likitoka moja kwa moja kwenye programu uliyolitengenezea. Lililopita WhatsApp kama video ya kawaida limeshabanwa upya na uwazi haumo tena. Mwenzako akutumie kama hati, au alete flashi.
- Klipu moja yenye weupe mwingi. Mimi hutumia ya maharusi wakipigwa picha Nyerere Square saa nane mchana: gauni jeupe, jua kali, sakafu inang'aa. Masizi hayana pa kujificha hapo.
- FFmpeg iliyokwisha kusakinishwa. Andika `ffmpeg -version` kwenye kidirisha cha amri. Ikijibu, uko tayari.
- Nafasi kwenye diski. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye uwazi, kabla ya kubanwa, ni baiti 8,294,400. Kwa fremu 25 kwa sekunde, jina la sekunde 10 linafika GB 2 na ushee. Likibanwa hupungua sana, ila usianze kazi ukiwa na MB 300.
- Laptopu yenye betri nzima, au UPS. Sababu utaiona kwenye hatua ya 8.

## Kitu kimoja cha kuelewa kabla ya kugusa chochote

Video ya kawaida ni picha tatu zilizopandana: nyekundu, kijani na buluu. Video yenye uwazi ina picha ya nne, inayoitwa alfa. Hiyo haina rangi. Ni ramani inayosema kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. Kwenye faili la biti 8, 0 maana yake haipo kabisa, 255 imejaa, na namba za katikati ndizo kingo laini za herufi.

Kila efekti unayoiweka, iulize: hii picha ya nne unaifanyia nini? Kuna inayoitupa, na hapo ndipo boksi jeusi linapotoka. Kuna inayoiacha kama ilivyo. Na kuna inayoivuruga pamoja na rangi, na masizi huzaliwa hapo.

## Hatua ya 1: Hakikisha uwazi upo

Wengi wanapigana na efekti wakati faili lenyewe liliingia bila alfa. Uliza kwanza:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt -of default=noprint_wrappers=1 jina.mov
```

Tazama mstari wa `pix_fmt`. Ukikuta `yuva444p10le`, `yuva444p12le`, `rgba` au `argb`, ile herufi *a* ndiyo alfa. Ukikuta `yuv420p` au `yuv422p10le`, hakuna uwazi. Rudi ukalitoe jina upya. Hakuna efekti itakayoufufua.

Onyo kwa wenye faili za WebM za VP9. FFmpeg huzisoma kwa kisomaji chake cha ndani, na hicho hakiioni alfa, kwa hiyo itakuambia `yuv420p` hata kama uwazi upo. Mlazimishe atumie kisomaji kingine kwa kuandika `-c:v libvpx-vp9` kabla ya `-i` kwenye amri za `ffmpeg` zinazofuata. Nimewahi kuona mtu akifuta faili zima zima kwa sababu ya hili.

Sasa itoe ile picha ya nne uione kwa macho, pamoja na rangi zikiwa peke yake:

```
ffmpeg -ss 2 -i jina.mov -vf alphaextract -frames:v 1 alfa.png
ffmpeg -ss 2 -i jina.mov -vf format=rgb24 -frames:v 1 rangi.png
```

Namba 2 ni sekunde ya pili. Ibadilishe iangukie mahali jina lipo kwenye skrini.

Umefaulu kama `alfa.png` ina herufi nyeupe juu ya weusi, na ukiikuza kingo za herufi ni za kijivu. Ikiwa nyeupe tupu kutoka kona hadi kona, faili halina alfa, au lina alfa iliyojaa kila mahali, na kwa kazi yetu hayo mawili hayana tofauti.

## Hatua ya 2: Jua rangi zako zimezidishwa au hazijazidishwa

Tulia hapa. Ukiikosea hatua hii, zote zinazofuata zitakudanganya.

Kuna namna mbili za kuhifadhi pikseli ya ukingoni. Chukua pikseli moja kwenye mkia wa herufi J, dhahabu ya 240, 190, 60, inayoonekana nusu.

Namna ya kwanza ni kuhifadhi rangi kamili, 240, 190, 60, na pembeni alfa iseme nusu. Kwenye menyu za programu nyingi utaikuta kwa jina «Straight». Mimi naiita rangi huru.

Namna ya pili ni kuizidisha rangi na alfa kabisa kabla ya kuhifadhi. Nusu ya 240, 190, 60 ni 120, 95, 30. Menyu huiita «Premultiplied», nami naiita rangi iliyozidishwa.

Zote ni halali. Zikiwekwa vizuri juu ya usuli mweupe wa 255, zote mbili zinatoa takriban 248, 223, 158, dhahabu laini inayoyeyukia kwenye weupe. Balaa huja programu inapoidhania moja kuwa nyingine.

Faili lako limezidishwa, programu ikadhani ni huru: inazidisha mara ya pili. Ile 120, 95, 30 inakatwa nusu tena, ndipo inaongezewa nusu ya weupe, na unapata takriban 188, 175, 143. Hiyo si dhahabu tena, ni rangi ya maji ya dimbwi. Hayo ndiyo masizi, kwa namba.

Kinyume chake, faili ni huru, programu ikadhani limezidishwa: rangi kamili inajumlishwa juu ya usuli bila kupunguzwa. Kingo zinawaka, herufi zinaonekana nene zenye meno, kama zimepigwa chokaa pembeni.

Utalitambuaje faili lako? Fungua `rangi.png` ya hatua ya 1 uikuze. Kama herufi zina kingo laini zinazofifia kuelekea weusi, rangi zimezidishwa. Kama kingo ni kavu na zina meno, kana kwamba zimekatwa kwa wembe butu, rangi ni huru. Ajabu ni kwamba picha mbaya zaidi kwa macho ndiyo salama zaidi kwa kazi ya rangi.

Ukiwa na PNG huna haja ya kubahatisha: kanuni za PNG zinasema rangi iwe huru. OpenEXR kwa desturi huja imezidishwa. MOV inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, inategemea aliyeitoa.

Amri zote zinazofuata zinataka rangi huru. Kama lako limezidishwa, lirudishe:

```
ffmpeg -i jina.mov -vf "format=gbrap,unpremultiply=inplace=1" -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le jina_huru.mov
```

Umefaulu ukiweka `jina_huru.mov` juu ya nyeupe (amri yake iko hatua ya 9) na herufi zikaonekana safi. Kama lilikuwa huru tangu mwanzo, libadilishe jina tu liwe `jina_huru.mov` usonge mbele. Ukiligawanya faili ambalo lilikuwa huru tayari, kingo zitawaka mno. Futa, urudi kwenye lile la mwanzo. Ndiyo maana silifuti la mwanzo hata siku moja.

## Hatua ya 3: Tenga leya ya jina na zilizo chini yake

Fupi hii. Leya ya marekebisho, ile inayowekwa juu ya kila kitu na kuathiri vyote vilivyo chini, usiitumie kwa efekti ya jina. Itatia ukungu na uso wa bibi harusi. Weka efekti kwenye leya ya jina yenyewe, au funga jina na mapambo yake kwenye klipu moja ya ndani, kisha weka efekti juu ya hicho kifurushi.

Kama uwazi wako unatoka kwenye kitambaa cha kijani, kata kijani kwanza, halafu ndiyo uweke ukungu. Ukianza na ukungu, kijani kinachanganyika na ngozi kwenye kingo, na hakuna kikatio kitakachowatenganisha tena.

## Hatua ya 4: Gawa efekti zako makundi mawili

Chukua karatasi uziandike zote unazotaka. Kisha kila moja iulize: inabadilisha rangi ya pikseli palepale ilipo, au inachanganya pikseli na majirani zake?

Kundi la kwanza ni mwangaza, rangi kukolea, kontrasti, gama, kugeuza rangi. Hizi zinataka rangi huru. Ukiongeza mwangaza wa 20 kwenye rangi iliyozidishwa, hata pikseli tupu zinapanda kutoka 0 kwenda 20. Alfa yake bado ni 0, lakini programu inayojumlisha rangi kama ilivyo itaziongeza juu ya video, na utaona mstatili wa vumbi hafifu umelizunguka jina. Watu wengi hawauoni mpaka video iwekwe kwenye projekta ya ukumbini.

Kundi la pili ni ukungu, kunoa, kupunguza au kukuza ukubwa, kuzungusha, msogeo wenye ukungu. Hizi zinataka rangi iliyozidishwa, na sababu ni hii. Nje ya herufi pana alfa 0, na rangi iliyohifadhiwa hapo kwa kawaida ni nyeusi. Haionekani, lakini ipo. Ukungu ukichanganya pikseli ya dhahabu na jirani yake mtupu nusu kwa nusu, unachota na huo weusi: rangi inakuwa 120, 95, 30, alfa inakuwa nusu. Kwa faili la rangi huru, hiyo ni dhahabu iliyotiwa mkaa. Rangi zikizidishwa kabla ya ukungu, ile 120, 95, 30 ni sahihi kabisa; ukigawanya baadaye unapata 240, 190, 60 yako mkononi.

Basi utaratibu ni huu: rangi kwanza zikiwa huru, kisha zidisha, weka ukungu, gawanya. Ukifuata mpangilio huo umemaliza sehemu kubwa ya matatizo yanayoletwa kwangu.

## Hatua ya 5: Rangi na mwangaza

Hapa FFmpeg ina mtego wake. Kichujio cha `eq`, kile wengi wanachotumia kwa mwangaza, hakiijui alfa. Ukikiita moja kwa moja, programu inageuza video kuwa aina isiyo na uwazi, inaendelea na kazi, na hailalamiki hata kidogo. Unapata boksi jeusi na ujumbe wa kufaulu.

Njia ya kupita ni kuitoa alfa pembeni, kuzishughulikia rangi, kisha kuirudisha:

```
ffmpeg -i jina_huru.mov -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]alphaextract[alfa];[b]format=yuv444p,eq=brightness=0.05:saturation=1.2[rangi];[rangi][alfa]alphamerge" -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le jina_rangi.mov
```

Isome taratibu. `split` inafanya nakala mbili. Ya kwanza inatoa alfa na kuiweka kando, kama mtu anayevua saa kabla ya kuosha vyombo. Ya pili inabadilishwa rangi. Mwisho `alphamerge` inazirudisha pamoja.

Umefaulu ukitoa tena `alfa.png` kutoka faili jipya na ikafanana na ile ya hatua ya 1. Rangi zimebadilika, ramani haijaguswa.

Ujanja huu wa kuvua na kurudisha unafaa kwa efekti yoyote ya kundi la kwanza usiyoiamini. Kwa kundi la pili haufai: ukitia ukungu kwenye rangi na kuirudisha alfa kali ya mwanzo, jina litakuwa na umbo kali lenye rangi zilizochafuka ndani.

## Hatua ya 6: Ukungu, na nafasi ya kupumulia

Ukungu hutanuka. Kama faili la jina limekatwa likibana herufi, ukungu utafika ukingoni na kukatika kwa mstari ulionyooka, na wala hiyo si kasoro ya uwazi, ni ukosefu wa nafasi. Ongeza pembeni angalau mara tatu ya namba ya `sigma`, ile inayopima ukubwa wa ukungu. Kwa sigma ya 8 hiyo ni pikseli 24. Mimi naweka 40 nisisumbuke.

```
ffmpeg -i jina_rangi.mov -vf "format=rgba,pad=iw+80:ih+80:40:40:color=black@0,format=gbrap,premultiply=inplace=1,gblur=sigma=8,unpremultiply=inplace=1" -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le jina_laini.mov
```

Ile `black@0` maana yake weusi wenye alfa 0, yaani utupu. Ukiandika `black` peke yake umejitengenezea fremu nyeusi ya picha.

Kumbuka faili sasa limeongezeka pikseli 40 kila upande. Ukilipanga juu ya video, lirudishe nyuma 40 kushoto na 40 juu, la sivyo jina litaonekana limeruka kidogo ukilinganisha na lile lisilo na ukungu. Jina la ukubwa wa skrini nzima lenye herufi zilizo mbali na kingo halihitaji `pad`.

Umefaulu kama ukungu unafifia mpaka kuisha bila mstari wowote, na rangi yake pembeni bado ni dhahabu. Ukiona inaelekea kahawia, umesahau `premultiply`.

## Hatua ya 7: Mng'ao na kivuli

Kivuli ni rahisi: ni nakala ya alfa iliyotiwa ukungu na kupakwa weusi, inakaa chini ya jina kama leya ya kawaida.

Mng'ao ndio mkorofi. Mng'ao ni mwanga bila mwili. Unatakiwa uongeze nuru kwenye video bila kuifunika. Rangi iliyozidishwa inaweza kuubeba, kwa sababu inaruhusu kuwa na rangi mahali alfa ni 0. Rangi huru haiwezi: ili kuirudisha ungelazimika kugawanya kwa sifuri, na programu inaamua tu kuufuta. Ndiyo maana kijana anaona mng'ao mzuri kwenye skrini ya kuhariria, akirenda unapotea.

Ushauri wangu: usiung'ang'anize mng'ao uingie kwenye faili la jina. Utoe peke yake juu ya weusi:

```
ffmpeg -i jina_rangi.mov -vf "format=gbrap,premultiply=inplace=1,gblur=sigma=25,format=gbrp" -c:v libx264 -crf 12 -pix_fmt yuv420p mng_ao.mp4
```

Faili hili halina alfa na halihitaji. Liweke juu ya klipu, chini ya jina, na ubadilishe namna ya kuchanganya leya iwe «Screen» au «Add». Weusi unatoweka, nuru inabaki. «Add» ina nguvu zaidi. Juu ya gauni jeupe itaunguza picha, kwa hiyo kwa harusi natumia «Screen».

## Kwa wanaotumia menyu

Kwenye After Effects, bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye tafsiri ya faili, uchague mwenyewe kati ya «Straight» na «Premultiplied». Kitufe cha kukisia kipo, lakini wewe umeshaona `rangi.png`, unajua zaidi yake. Kwenye kutoa, chaneli ziwe «RGB + Alpha».

DaVinci Resolve ina chaguo hilohilo kwenye sifa za klipu. Ndani ya Fusion, nodi za rangi kama Color Corrector zina kisanduku cha «Pre-Divide/Post-Multiply». Kiweke tiki. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya kundi la kwanza la hatua ya 4 kwa mbofyo mmoja: kinagawanya, kinabadilisha rangi, kinazidisha tena. Kwenye kutoa, tafuta «Export Alpha»; kama hakionekani, umechagua kodeki (namna ya kubana video) isiyobeba alfa.

Kdenlive kwenye kurenda ina kundi zima la mipangilio ya video zenye alfa. Tumia hilo, usitengeneze lako.

Wanaohariri kwa simu, programu nyingi zitakutolea MP4 ya H.264, na hiyo haibebi uwazi. Maliza kila kitu ndani ya programu hiyohiyo, usitegemee kulihamisha jina.

## Hatua ya 8: Chagua chombo cha kubebea

- ProRes 4444 ndani ya MOV: chaguo langu la kila siku. Iwe 4444, maana ProRes 422 haina alfa.
- QuickTime Animation (`-c:v qtrle -pix_fmt argb`): haipotezi kitu, inafaa kwa herufi na michoro ya rangi bapa. Kwa picha za kamera inakuwa kubwa mno.
- WebM ya VP9 (`-c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p`): kwa tovuti.
- Mfuatano wa PNG: kila fremu picha yake.

Huo wa mwisho watu wanaudharau kwa sababu unajaza folda mapicha 250. Lakini tuongee ukweli wa kwetu. MOV huandika faharasa yake mwishoni mwa kurenda. Umeme ukikatika kwenye asilimia 90, faili halifunguki, unaanza upya. PNG ukikatikia fremu ya 180, una 179 salama, unaendelea na zilizobaki. Kwa kazi ndefu usiku, mimi natoa PNG kisha nazifunga asubuhi:

```
ffmpeg -framerate 25 -i fremu/jina_%04d.png -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le jina.mov
```

Futa ile picha ya mwisho iliyokatikiwa katikati kabla ya kuendelea. Huwa imeandikwa nusu.

## Hatua ya 9: Jaribu juu ya nyeupe, nyekundu na nyeusi

Mwaka nilioanza kazi hii nilikabidhi video ya send-off nikiwa nimelikagua jina juu ya weusi tu. Kwenye ukumbi wa Area D, jina likapanda juu ya pazia jeupe la jukwaani. Mama wa bibi harusi akaniita pembeni: «Mwanangu, mbona jina la binti yangu limepakwa mkaa?» Sikuwa na jibu. Nilimwamkia tena.

Weusi huficha masizi. Weupe huficha chokaa. Nyekundu haifichi kimoja.

```
ffmpeg -f lavfi -i color=c=white:s=1920x1080:r=25 -i jina_laini.mov -filter_complex "overlay=shortest=1:format=auto" -pix_fmt yuv420p jaribio_nyeupe.mp4
```

Rudia ukibadilisha `white` kuwa `red`, kisha `black`. Simamisha video jina linapoingia na linapotoka, kwa sababu hapo ndipo pikseli nyingi huwa nusu-nusu. Kuza mara nne.

Masizi juu ya nyeupe na nyekundu: rudi hatua ya 2 na ya 6. Kingo zinazowaka juu ya nyeusi: rudi hatua ya 2, uligawanya kilichokwisha kugawanywa. Mstatili hafifu: hatua ya 4. Boksi kamili: hatua ya 1 na ya 5.

## Hatua ya 10: Weka juu ya video na ukabidhi

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -i jina_laini.mov -filter_complex "[0:v][1:v]overlay=x=-40:y=-40:format=auto" -c:a copy -pix_fmt yuv420p harusi.mp4
```

`overlay` huchukulia faili la juu kuwa la rangi huru. Kama umeamua kubaki na lililozidishwa, ongeza `:alpha=premultiplied` kabla ya kufunga alama za nukuu.

MP4 hapa haina shida, uwazi umeshafanya kazi yake na hauhitajiki tena. Ila `jina_laini.mov` na `jina_huru.mov` usizifute mpaka mteja amalize kulipa. Atakupigia Jumapili usiku kwamba jina la ukoo limekosewa herufi.

Na kama unampa mwenzako faili hizo kwa flashi, angalia imefomatiwa kwa nini. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi ni ya GB 64 na ni tupu. Ifomati kwa exFAT.